Umoja wa forodha ni nini, na mchele unaingiaje hapo?

Ukisimama soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa yakipakiwa kwenye fuso, ni rahisi kudhani umoja wa forodha ni huo tu: mzigo unafika Sirari na kuvuka kwenda Kenya bila ushuru wa forodha, mradi una cheti cha uasili kinachoonyesha dagaa ni wa kwetu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu hiyo inapatikana hata katika eneo huru la biashara, ambako wanachama huondoleana ushuru lakini kila mmoja hujipangia wake kwa bidhaa za nje.

Nusu ya pili ndiyo yenye kazi: wanachama wote hutoza kiwango kimoja kwa bidhaa zinazotoka nje. Ni kama kaya kadhaa zilizobomoa nyua za katikati zikajizungushia ua mmoja. Ukiushusha upande wako, mbuzi wa nje anaingia kwa jirani.

Itifaki ya umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Machi 2004 na kuanza kazi Januari 2005. Viwango vya awali vya ushuru huo wa pamoja vilikuwa vitatu: malighafi sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, zilizokamilika asilimia 25. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Pembeni kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa zaidi, mchele ukiwemo, asilimia 75.

Sasa huo mchele. Kwa mkulima wa Magu au Shinyanga, asilimia 75 ni kinga. Kenya haivuni mchele wa kuitosha na huagiza mwingi kutoka Pakistan. Mama wa Kisumu anataka kilo ya bei anayoimudu. Ua mmoja, lakini mmoja anataka urefuke na mwingine ushuke. Kenya imekuwa ikiomba kibali cha kutoza asilimia 35, na vibali vya aina hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja na kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Nchi nyingine nazo huomba vyao, Tanzania ikiwemo. Bidhaa iliyoingia kwa nafuu hiyo ikihamishiwa nchi nyingine mwanachama hutakiwa kulipiwa kiwango kamili, kwa hiyo afisa wa forodha hawezi kuondoka mpakani. Magazeti hupigia kelele ugomvi wa malori mipakani; kwangu mimi vibali hivi ndivyo vinavyoutoboa ua zaidi, tena kimyakimya.

Mapato ya ushuru nayo hayaamuliwi tena na waziri mmoja peke yake, lakini hilo kila serikali ililijua ikisaini.

Kigumu zaidi ni mikataba na watu wa nje. Mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya ulikusudiwa usainiwe na Jumuiya nzima. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikasaini, Tanzania ikakataa kwa hofu ya viwanda vyake. Kenya ikasubiri, mwishowe ikasaini wake peke yake Desemba 2023, na ukaanza kutumika Julai 2024. Kadiri ushuru wa bidhaa za Ulaya unavyopungua Mombasa, cheti cha uasili kinazidi kuwa muhimu huku kwetu, ili bidhaa ya Kenya itofautishwe na ya Ulaya iliyopitia Kenya.

Na sisi hatuko safi. Tanzania imo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika; Kenya haimo. Bidhaa ya Afrika Kusini iliyofika Mwanza bila ushuru kwa tiketi ya SADC, ukiipeleka Kisumu, ushuru unaukuta Sirari.