Jaguar C-X75: turbaini haikuzungusha tairi

Kwenye gereji za Ngamiani, Tanga, bado inasemwa Jaguar C-X75 ilisukumwa na injini ya ndege. Sivyo. Gari hilo la maonyesho, Paris 2010, lilisukumwa na mota 4 za umeme, moja kila gurudumu, kilowati 145 kila moja. Turbaini 2 ndogo, yaani injini za aina ya zile za ndege, mizunguko 80,000 kwa dakika, zilifua umeme tu. Ukiwasha jenereta nyumbani, feni bado inazungushwa na mota yake. Ndivyo hivyo hivyo. Turbaini hupenda kasi moja, ukikanyaga mafuta inachelewa kuitikia, kwa hiyo mpangilio ule ulikuwa wa akili sana. Magari ya majaribio yaliyofuata yaliwekewa injini ya petroli ya lita 1.6 pamoja na mota. Desemba 2012 mpango wa kuliuza ukasitishwa.