Kumzamisha mtoto katika lugha, na tofauti yake na mchepuo wa Kiingereza

Kumzamisha mtoto katika lugha ni njia ya kufundisha ambayo lugha ya pili haibaki kuwa kipindi kimoja kwenye ratiba. Inakuwa lugha ya kusomea hisabati, sayansi na michezo, hata ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto hasubiri aijue lugha ndipo asome sayansi. Vyote viwili anavipata humo humo.

Njia hii ilipata jina mwaka 1965 huko St. Lambert, mji mdogo karibu na Montreal, Kanada. Wazazi wanaozungumza Kiingereza waliona watoto wao wanamaliza shule bila kuweza kuongea na majirani wa Kifaransa, wakaishikia bango shule ya umma hadi ikafungua darasa la awali la Kifaransa. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto wale kwa miaka kadhaa. Kifaransa kiliwaingia, na Kiingereza chao hakikudumaa. Marekani ilikuwa tayari na aina yake: Shule ya Coral Way, Miami, mwaka 1963 iliwaweka pamoja watoto wa wakimbizi kutoka Kuba na watoto wa Kimarekani, siku ikagawanywa kati ya Kihispania na Kiingereza. Mpaka leo wazazi wa kule hupima kati ya shule inayoanza na asilimia 90 ya lugha ngeni na ile ya nusu kwa nusu.

Mzazi wa Sakina au Njiro hapa Arusha akisikia hayo atasema, basi ndiyo hiyo hiyo medium, yaani mchepuo wa Kiingereza, shule inayofundisha masomo yote kwa Kiingereza. Hapo ndipo tunapokosea, na kosa lenyewe linamgharimu mtoto.

Tuangalie St. Lambert walikuwa na nini. Mwalimu alikimudu Kifaransa barabara, na Kiingereza cha watoto alikielewa. Mtoto wa darasa la awali aliruhusiwa kujibu kwa lugha ya kwao mpaka ulimi wake ufunguke. Darasa zima lilianzia sifuri, hakuna aliyechekwa. Baadaye, kuanzia darasa la pili, Kiingereza chao nacho kikafundishwa shuleni, wakasoma na kuandika kwa lugha zote mbili. Lugha mpya iliongezwa juu ya ile ya nyumbani, na ile ya nyumbani ikabaki na heshima yake. Masharti hayo yasipokuwepo, mtoto hajazamishwa, ametoswa: yuko ndani ya maji marefu na hakuna wa kumshika.

Kwetu Tanzania hofu ya mzazi ina msingi. Shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, Kiingereza ni somo tu, kisha kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka kuwa Kiingereza, isipokuwa masomo machache kama Kiswahili lenyewe. Mtoto aliyeng'ara darasa la saba anakaa kimya miezi mizima kwa sababu hasikii kinachosemwa. Tume ya Makweta, tume ya rais ya elimu, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari, haikutekelezwa, na mzigo ukabaki kwa wazazi. Ndiyo maana foleni za mchepuo wa Kiingereza haziishi. Serikali yenyewe inazo shule chache za namna hiyo: hapa mjini ipo Arusha School, Dar es Salaam zipo Olympio, Diamond na Bunge. Nafasi ni chache, na tofauti na kayumba, yaani shule za kawaida za umma, huko unalipa. Wengine wote wanaelekea shule binafsi.

Sasa, mchepuo wa Kiingereza ni lugha iliyoandikwa kwenye usajili wa shule. Kama ndani yake kuna kuzamisha au kutosa, utajua darasani. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza kama wameelewa, darasa lote linaitikia ndiyo kwa sauti moja, anafuta ubao. Jioni fungua daftari la sayansi la mwanao wa darasa la nne. Utakuta mwandiko safi, mchoro wa mzunguko wa maji, vema nyekundu kila ukurasa. Mwambie akueleze kwa Kiswahili maji ya dimbwi yanakwenda wapi jua likiwaka. Akikueleza kwa maneno yake, shule inafanya kazi. Akikuimbia sentensi ya ubaoni halafu akakutazama, amenakili tu. Na shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kuwa ameongea Kiswahili uwanjani inamfundisha aibu. Mimi mwanangu simpeleki.

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, ametusaidia jambo moja kubwa: mtoto anaweza kuongea lugha ya pili vizuri ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini lugha ya kusomea, ya kueleza sababu na kulinganisha mambo, huchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo mtoto anayesalimia wageni kwa Kiingereza kitamu bado anaweza kuwa hasomi kitu.

Halafu kuna mtoto ambaye mijadala yetu ya mjini humsahau. Wa Monduli, au wa maboma ya juu ya Ngaramtoni, aliyelelewa kwa Kimaasai. Huyu Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, na kayumba ndiyo inayomtosa kwanza. Mwalimu anayejua hata Kimaasai kidogo ni hazina kwake kuliko jina lolote la mchepuo.

Ukienda kuchukua fomu, omba kukaa darasani nusu saa. Wasikilize walimu wakiongea wao kwa wao, uliza Kiswahili kina vipindi vingapi kwa wiki, tazama mtoto asiyeelewa anafanywa nini. Wakikukatalia kuingia, hilo nalo ni jibu. Na kama mfuko unasema kayumba, usijione umemtupa mwanao: mjengee Kiswahili cha kusoma na kuandika kweli kweli, maana anayejua kusoma kwa lugha moja habebi tena mzigo huo katika ya pili, kisha kuanzia darasa la tatu mpe vitabu vyepesi vya hadithi vya Kiingereza. Maktaba ya mkoa vipo, na kumsomea jioni hakuna ada.