Mchango wa mshikamano: fedha za uhamisho zinazorudi kwa klabu iliyomlea mchezaji

Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, klabu iliyomuuza haipokei ada yote ya uhamisho. Asilimia 5 hukatwa na klabu inayonunua, ikagawiwa klabu zote zilizomsajili kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Huo ndio mchango wa mshikamano. Ni kanuni ya FIFA, kwa hiyo haungoji hisani ya mtu wala kipengele cha mkataba. Klabu iliyomlea kijana ina haki nao hata kama iliachana naye zamani.

Nawaandikia watu wa Tanga kwanza, kwa sababu sidhani kuna fedha ya soka inayotuhusu zaidi ya hii. Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1988, na African Sports ina historia yake ndefu, lakini hakuna hata moja inayoweza kushindana na Simba au Yanga kwa wanachama, jezi au wadhamini. Mgawo wa haki za matangazo upo, maana mkataba wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ila unagawanywa kwa ligi nzima. Mlango wa uwanja wetu wa Mkwakwani hujaa timu kubwa zikija, mechi nyingine ni mashabiki wale wale. Tunachozidi nacho ni vijana. Mapato ya mlangoni huishia kwenye mishahara, mafuta ya basi na hoteli za ugenini, wakati kijana mmoja anaweza kuiletea klabu fedha kwa miaka mingi baada ya kuondoka.

Mgawo wa mchango hufuata umri. Kila mwaka, kuanzia ule anaotimiza miaka 12 hadi ule wa 15, una thamani ya asilimia 0.25 ya ada nzima. Kila mwaka kuanzia wa 16 hadi wa 23 una asilimia 0.5. Miaka minne ya mwanzo inatoa asilimia 1, miaka minane inayofuata inatoa 4, jumla 5.

Tuseme kuna kijana wa Makorora, hapa Tanga. Miaka 12 hadi 15 amesajiliwa na kituo cha vijana kinachofanya mazoezi Tangamano. Miaka 16 hadi 20 yuko Coastal. Miaka 21 na 22 anachezea timu ya Dar es Salaam, na akiwa na 23 yuko Ulaya. Akifika 25, klabu yake ya Ulaya inamuuza nchi nyingine kwa dola 1,000,000. Mchango ni dola 50,000: kituo kinapata 10,000, Coastal 25,000, timu ya Dar 10,000, na klabu ya Ulaya 5,000 juu ya dola 950,000 za ada zinazobaki baada ya makato. Akiuzwa tena akiwa na miaka 28 kwa dola milioni 4, hesabu inapigwa upya na kile kituo cha mtaani kinachukua dola 40,000. Kwa kituo kinachochangishana hela ya mipira na maji, hiyo ni kuanza maisha mapya.

Ndivyo Mbwana Samatta alivyoacha nyuma haki za klabu kadhaa. Alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020 alikuwa na miaka 27, lakini mchango ulihesabiwa kwa miaka yake ya kulelewa, na humo zimo African Lyon, Simba na TP Mazembe.

Hapa pana jambo linalochanganya wengi. Mchango huu hautokei klabu mbili za Tanzania zinapouziana mchezaji aliyekulia Tanzania. Bakari Mwamnyeto alipotoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020, uhamisho ule ulikuwa wa ndani, na kwa FIFA hakuna mshikamano wa kukata. FIFA inavitaka vyama vya nchi viweke utaratibu wao wa kuzitunuku klabu zinazolea vijana, basi. Ndiyo maana klabu inayouza kwenda Dar lazima ikomae mezani: idai bei ya haki, na iandikishe kwenye mkataba asilimia ya mauzo yajayo. Asilimia hiyo ni ya makubaliano. Usipoiandika, haipo. Lakini mchezaji yule yule akishavuka mpaka kwa ada, misimu yake ya Tanga inalipwa bila kumwomba mtu. Na tangu Julai 2020, hata akiuzwa kati ya klabu mbili za Ubelgiji, klabu ya Tanga iliyomlea inahesabiwa.

Mchango huu una ndugu yake anayeitwa fidia ya mafunzo, na watu huvichanganya. Fidia hulipwa mchezaji anaposajiliwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohamia nchi nyingine kabla mwaka anaotimiza miaka 23 haujaisha. Haipimwi kwa ada. FIFA imepanga gharama ya kulea kwa mwaka, kulingana na daraja la klabu inayompokea. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 aliyemaliza mkataba akaondoka bure anaweza kuleta fidia, lakini mshikamano hauleti hata senti, kwa kuwa asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kumwacha kijana mzuri amalize mkataba bila kumwongezea ni kuzika fedha za klabu yako na za kila kituo kilichokutangulia.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo tunapopotezea. FIFA hailipi kwa ushahidi wa majirani. Inasoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa msimu kwa msimu, inayotokana na kumbukumbu za chama cha soka cha nchi. Kijana aliyecheza ndondo za mtaani miaka mitatu bila kusajiliwa popote, miaka hiyo haina mwenyewe. Tazama fomu ya usajili ya mtoto wa miaka 13: jina ni Abdala, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Abdallah, kwenye fomu ya msimu uliofuata limeongezwa jina la babu na tarehe ya kuzaliwa imesogezwa mbele ili acheze mashindano ya umri mdogo. Miaka 10 baadaye, karani wa FIFA kule Zurich anaona watu watatu. Kila anayefuta mwaka kwenye fomu ya mtoto ili kushinda kombe la mtaa ajue anachofuta.

Tangu Novemba 2022 malipo yanapitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho hupokea fedha kutoka klabu inayonunua na kuzigawa. Kabla ya kulipwa, klabu inakaguliwa: imesajiliwa kisheria, viongozi wake wanajulikana, ina akaunti ya benki kwa jina lake. Akaunti ya mwenyekiti au namba ya simu ya katibu haitoshi. Kituo cha vijana chenye watoto 40 na kocha mzuri kinaweza kukosa haki yake kwa kukosa akaunti tu, na kufungua akaunti ni kazi ya siku chache. Fedha zisipolipwa, mlango wa kudai FIFA upo, lakini shauri lililopita miaka miwili halisikilizwi.

Na klabu ikiwa imekufa kabisa kabla kijana wake hajauzwa, mgawo wake haurudi kwa klabu iliyomuuza. Chama cha soka cha nchi, kwetu TFF, kinaweza kuudai kikithibitisha kuwa klabu haipo tena, na fedha hizo zinapaswa kutumika kwenye programu za soka la vijana.