Anayekudai si mfadhili wako

Juzi jijini Arusha, kwenye daladala ya Tengeru, tukipita Kwa Mrefu, kijana mmoja aliuliza hii barabara ya njia nne iligharimu kiasi gani. Mzee aliyekaa mbele akamjibu: "Hii ni ya wafadhili, mwanangu. Tumesaidiwa, unauliza bei ya nini?" Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno.

Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, pamoja na baipasi inayozunguka mji, zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo hurudishwa, ruzuku hairudishwi. Basi.

Kinachonikera ni hilo neno mfadhili. Limetokana na fadhila, na fadhila tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya ziada, kile kinachobaki juu ya haki. Mwenye fadhila anakupa asichodaiwa, kisha hakudai. Deni nalo lina asili ya Kiarabu, ila mzizi wake ni mwingine kabisa. Japani ilipotoa ruzuku kwa daraja la juu la Tazara, Dar es Salaam, lililofunguliwa 2018, hapo ufadhili ulikuwepo. Benki inayosubiri marejesho ni mkopeshaji, hata riba ikiwa ndogo na miaka ya kulipa ikiwa mingi. Tunaambiwa ni "masharti nafuu". Sawa, lakini mgonjwa aliyepata nafuu bado hajapona.

Na neno hili linatufunga midomo. Ukiihoji fadhila unaonekana huna shukrani. Mkopo unahojiwa: mkandarasi alipatikanaje, nani alikagua kazi kabla ya malipo, fidia za nyumba zilizowekewa X ili zibomolewe zimelipwa, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliandika nini. Hata ruzuku haimalizi gharama, maana matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, yaani kwenye tozo ya kila lita ya mafuta, pamoja na zile alizojaza dereva wetu asubuhi ile.

Mzee alishuka Sanawari, nami nikashuka.

"Shikamoo babu. Ile barabara tumeikopa."

"Marahaba. Tunalipa sisi?"

"Sisi, na wajukuu zako."

Akanyamaza kidogo. "Basi yule kijana sikumjibu vizuri."