Kijani kikali si kipimo cha antioksidanti

Wengi wanaozidua (kutoa kemikali kwa kiyeyushi) mwani wa maji baridi kama Chlorella huamini kwamba kadiri dondoo linavyokoza kijani, ndivyo antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu wa oksidisheni, zilivyo nyingi. Sivyo. Kijani hicho ni klorofili, na ikipigwa na mwanga penye oksijeni huweza kuharibu karotenoidi, yaani antioksidanti za rangi ya njano na chungwa, zile zile unazozitafuta. Ndiyo maana chupa hufungwa karatasi ya alumini.

Kazi ngumu ni kuvunja ukuta wa seli ili vilivyomo vitoke. Wa Chlorella ni mgumu kweli. Gandisha na kuyeyusha mara kadhaa, au saga kwa shanga za kioo. Kisha loweka gramu 1 ya unga mkavu kwa mililita 20 za ethanoli ya asilimia 70, nyuzi 40, saa 2, kwenye beseni la maji moto, kamwe si juu ya moto wa wazi. Fenoli, kundi jingine la antioksidanti, hutoka vizuri humo. Karotenoidi hutaka ethanoli ya asilimia 95.

Ukipima nguvu ya dondoo kwa DPPH, kemikali ya zambarau, rangi yake hufifia antioksidanti zikifanya kazi. Lakini rangi ya dondoo nayo husomwa kwenye mwanga wa nanomita 517 unaotumika kupima zambarau hiyo, hivyo dondoo zuri huonekana dhaifu. Pima dondoo lisilotiwa DPPH, kisha ondoa usomaji huo kwenye ule wa dondoo lenye DPPH.