Je, wajua kwa nini bajaji za gesi mjini Delhi ziliendelea kutoa moshi wa buluu?

Chombo kinachoendeshwa kwa gesi asilia, kwa hesabu za kawaida, hakipaswi kutoa moshi wa buluu. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na methani ikiungua vizuri huacha mvuke wa maji na kaboni dayoksidi, ambavyo vyote viwili havina rangi. Hata hivyo, mjini Delhi, miaka kadhaa baada ya mabasi, teksi na bajaji kulazimishwa kuhamia kwenye gesi, baadhi ya bajaji zenye mitungi zilikuwa bado zinakatiza mitaani zikiacha nyuma utando mwembamba wa buluu. Kwa muda mrefu nilikuwa na maelezo yangu kuhusu jambo hilo, tena niliyatoa hata pale ambapo sikuulizwa: dereva anadanganya, mtungi ule ni wa kuwaonyesha askari, na petroli imefichwa chini ya kiti. Maelezo hayo yalinipa sifa ya mtu anayeyajua ya mjini. Yalikuwa kosa tupu.

Historia ya gesi mjini Delhi ni ndefu, na hapa inatosha kuigusa. Wakili M. C. Mehta alifungua shauri la uchafuzi wa hewa katika Mahakama ya Juu ya India mwaka 1985. Tarehe 28 Julai 1998 mahakama hiyo ilitoa amri yenye ratiba: bajaji na teksi zote za kabla ya mwaka 1990 zibadilishwe kwa vyombo vipya vya nishati safi kufikia tarehe 31 Machi 2000, na mabasi yote ya mji yatumie gesi iliyoshindiliwa kufikia tarehe 31 Machi 2001. Muda ulipita, foleni za kujaza gesi zikarefuka, mabishano yakarudi mahakamani mara kadhaa, na mabasi ya dizeli ya mjini yakamalizika kuondolewa mwishoni mwa mwaka 2002. Ndani ya amri hiyohiyo kulikuwa na kipengele kimoja kidogo kuhusu uuzaji wa oili ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Nitakirudia, kwa sababu kilikuwa kimekaribia jibu kuliko mimi.

Kosa langu lilijengwa juu ya imani mbili, na naona zingali zimeenea. Ya kwanza ni kwamba injini ndogo huchafua kidogo. Bajaji ya zamani ya Delhi ilikuwa na injini ya takriban sentimita za ujazo 150, yaani sehemu ndogo tu ya injini ya gari la kawaida, kwa hiyo nilidhani uchafu wake nao ungekuwa wa kiasi hicho. Kwa upande wa mafuta yanayotoka bila kuungua, mambo yalikuwa kinyume kabisa: kwa kila kilomita, bajaji hiyo ilimwaga hewani mara kadhaa ya kiasi kilichotolewa na gari la petroli lenye uzito maradufu. Imani ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kung'oka, ni kwamba uchafu hukaa ndani ya mafuta, kwa hiyo ukibadilisha mafuta umemaliza kazi. Anayeamini hivyo akiona moshi hana budi kumshuku dereva, kwa kuwa mafuta yameshatakaswa na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Injini yenyewe haimjii akilini, ilhali bajaji hizo zilikuwa na injini ya mipigo miwili, na kisa chote kimo humo.

Katika injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo ya magari karibu yote, kila kazi ina zamu yake. Pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta, hupanda ikivibana, husukumwa chini na mlipuko baada ya plagi kutoa cheche, kisha hupanda tena kuufukuza moshi. Injini ya mipigo miwili hukamilisha kazi hizo zote pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja tu. Ile iliyo sahili haina valvu juu ya silinda. Ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunua na kuyaziba inapopita. Pistoni inapokaribia chini, tundu la kutolea moshi hufunuka, na kabla moshi haujaisha kutoka, tundu la kuingizia mchanganyiko mpya wa hewa na mafuta nalo hufunuka. Kwa muda mfupi yote mawili huwa wazi, na hakuna kinachousukuma moshi nje isipokuwa mchanganyiko mpya wenyewe.

Fikiria daladala yenye milango miwili ikiwa kituoni jioni watu wanaporudi kutoka kazini. Konda hana subira ya kuwasubiri wanaoshuka, kwa hiyo anaifungua milango yote kwa pamoja na kuwataka wanaopanda mbele wawasukume wanaoshukia nyuma. Gari linaondoka haraka na limejaa, jambo ambalo tajiri wa gari atalifurahia. Lakini baadhi ya waliopanda wamebebwa na msukumano hadi mlango wa nyuma na kujikuta barabarani, nauli wameshatoa na safari hawakusafiri. Wakati huohuo kuna abiria wa safari iliyopita ambao walikaa pembeni, hawakuguswa na msukumano, na sasa wanazungushwa tena. Hao waliotoka bila kusafiri ni mafuta mabichi yanayopita moja kwa moja hadi kwenye bomba la moshi. Katika injini za aina hii kiasi chake hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 15 na 40 ya mchanganyiko wote ulioingia. Waliozungushwa tena ni moshi wa mlipuko uliotangulia.

Fundi hawezi kuliondoa tatizo hilo kwa kurekebisha kabureta, kwa sababu linafanana na kusuuza jagi lenye povu la sabuni kwa kumimina maji safi bila kulipindua. Ukiacha kumimina mapema, povu linabaki ndani. Ukimimina mpaka povu liishe, maji safi mengi yameshamwagika pamoja nalo. Mhandisi anaweza kuchagua mahali pa kusimama kati ya hasara hizo mbili, na umbo zuri la matundu humsaidia kiasi, lakini maadamu kinachosuuzia ni kilekile kinachotakiwa kubaki, hasara haiishi.

Sasa tuje kwenye oili. Mchanganyiko mpya hauingii kwenye silinda moja kwa moja. Kwanza hupitia chumba kilicho chini ya pistoni, na kwa kuwa chumba hicho ni njia ya kupitishia mafuta, hakiwezi kuwa bwawa la oili kama lilivyo katika injini ya gari. Kwa hiyo oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida asilimia 2 au 3, hulainisha vyuma inapopita, kisha huingia kwenye moto pamoja na petroli. Oili huungua vibaya. Sehemu yake hutoka ikiwa vitone vidogo mno, na vitone vikiwa vidogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Ndiyo maana moshi wa dizeli, ambao ni masizi, ni mweusi, na wa injini hizi ni wa buluu: tunachokiona ni ukungu wa oili.

Nililielewa jambo hili kwa pua kabla ya kulielewa kwa akili. Kijana mmoja alikuwa akifyeka nyasi kando ya barabara kwa mashine ya kubeba begani, ambayo nayo ni ya mipigo miwili. Alichanganya mafuta yake katika chupa ya maji ya kunywa, oili akaipima kwa kifuniko cha chupa, akatikisa, akatazama rangi, kisha akaongeza kifuniko kingine ili mashine isife. Baada ya nusu saa ya kazi fulana yake ilinuka petroli mbichi, kana kwamba ilikuwa imemwagikiwa nayo, ingawa chupa ilikuwa imefungwa muda wote. Ile harufu ilikuwa ya abiria walioshushwa nyuma. Na kile kifuniko cha ziada ndicho kilichoishughulisha Mahakama ya Juu ya India katika kipengele nilichokitaja: iliagiza kwamba kufikia tarehe 31 Desemba 1998 oili ya injini hizi isiuzwe tena kwa kupimiwa katika vituo vya mafuta na gereji za Delhi, na kwamba vituo viichanganye na petroli kwa mashine, kwa kuwa madereva wengi walizidisha oili wakiamini kwamba wingi wake ni ulinzi wa injini.

Weka basi mtungi wa gesi kwenye injini kama hiyo uone kinachobadilika. Tundu la moshi halijui kama linalopita ni petroli au methani. Gesi huingia ikiwa imeshachanganyika na hewa, husukuma moshi, na sehemu yake hutoka nao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walioyachunguza mabadiliko ya Delhi, walieleza mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya gesi iliyotumiwa na bajaji za mipigo miwili haikuungua ipasavyo. Methani haina harufu ya petroli, kwa hiyo fulana ya dereva ilipona, lakini ni gesi inayonasa joto la angahewa kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dayoksidi. Oili nayo ilibaki palepale, kwa sababu vyuma vilihitaji kulainishwa vilevile, na ukungu wa buluu ukaendelea. Dereva niliyemshuku alikuwa ameweka gesi halali, pengine baada ya kupanga foleni ya saa nyingi.

Kuna jambo moja la kuchekesha ambalo ni haki kulitaja. Wale abiria wa zamani wanaozungushwa tena hupunguza joto la mlipuko, na joto likipungua hutengenezwa oksidi chache za nitrojeni, ambazo nazo ni uchafu wa hewa. Kwa kipimo hicho kimoja, injini hii chafu huishinda injini nyingi safi.

Tahadhari zinahitajika mahali pawili. Kwanza, ukungu wa oili ni mgumu kupimwa: vitone huongezeka au huyeyuka kulingana na joto la moshi na kiasi cha hewa kilichochanganywa nao ndani ya maabara, kwa hiyo maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa bajaji ileile, na madhara ya vitone hivyo mapafuni hayajachunguzwa kwa kina kama yale ya masizi ya dizeli. Pili, si sahihi kuchukua hewa ya Delhi ya kabla na baada ya gesi na kuhesabu tofauti yote kuwa kazi ya gesi. Katika miaka hiyohiyo petroli yenye madini ya risasi iliondolewa, salfa katika mafuta ilipunguzwa, viwanda vilihamishwa, na magari binafsi ya dizeli yakaongezeka. Ukungu wa Delhi tunaouona siku hizi kila majira ya baridi una vyanzo vingi, vikiwamo vumbi, malori na mabua yanayochomwa mashambani, na bajaji ina sehemu ndogo tu ndani yake.

Dhaka ilikwenda kwa njia nyingine. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka 2003 Bangladesh iliziondoa mjini humo bajaji zote za mipigo miwili, zilizojulikana kama beibi teksi, na nafasi yake ikachukuliwa na bajaji za kijani za mipigo minne zinazotumia gesi. Vipimo vya hewa vilichukuliwa na Kituo cha Nishati ya Atomiki cha Dhaka. Jina hilo lilinishangaza mpaka nilipoelewa kwamba mbinu za kinyuklia ni hodari sana wa kutambua elementi zilizonaswa kwenye kichujio. Katika eneo lenye msongamano la Farm Gate chembechembe laini zilipungua waziwazi baada ya marufuku hiyo, ingawa wingi wa magari na matanuri ya matofali ulikuja kula sehemu ya faida. Wakazi wa Dhaka huziita bajaji hizo mpya "si-en-ji", kwa herufi za Kiingereza CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, kama sisi tunavyoziita kwa jina la kiwanda cha Bajaj. Majina yote mawili yanaisahau injini.

Ufilipino ilijaribu njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inaligusa tundu lenyewe. Katika miji ya Vigan na Puerto Princesa, shirika la Envirofit, lililotokana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, liliwafungia madereva wa pikipiki zenye kigari cha pembeni kifaa kinachobadilisha mpangilio wa kazi: silinda husuuzwa kwa hewa tupu, na petroli hunyunyiziwa ndani baada ya tundu la moshi kuzibwa. Ni sawa na konda kuacha upepo upite kwanza, kufunga mlango wa nyuma, ndipo apakie abiria. Kwa takwimu za shirika hilo, matumizi ya petroli yalishuka kwa takriban theluthi moja na ya oili kwa nusu. Mbinu hiyo ilikuwa imeanza kama kazi ya wanafunzi kwa ajili ya mashindano ya pikipiki za theluji, kitu ambacho Puerto Princesa haina matumizi nacho.

Wasomaji wa Dar es Salaam watauliza kuhusu bajaji za gesi zinazoonekana huko siku hizi. Bajaji hizo kwa kawaida ni za mipigo minne, kwa hiyo hadithi ya tundu haizihusu, na zikitoa moshi wa buluu maana yake ni nyingine kabisa: oili inapenya hadi kwenye silinda kwa sababu ringi za pistoni zimechakaa. Ya kwako ukitaka kuihakiki, muulize dereva anaweka wapi oili. Akikuonyesha kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia kwenye injini, ni ya mipigo minne. Akikuonyesha tangi la mafuta au kibweta cha pembeni kinachodondoshea oili kwenye mchanganyiko, ni ya mipigo miwili, hata kama nyuma ya kiti kuna mtungi mpya wa gesi.