Kwa nini chuma kilichotolewa kutu kwa siki hushika kutu tena papo hapo?

Spana iliyolala kwenye siki usiku kucha hutoka bila kutu. Iache mezani ikiwa bado na maji, na baada ya dakika chache utaona unga wa rangi ya chungwa umeanza kuota upya. Wengi huilaumu siki, lakini siki imefanya kazi yake sawasawa.

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Siki ya kawaida ina asidi kama asilimia 5, na asidi hiyo huyeyusha kutu pamoja na utando mwembamba uliokuwa ukikikinga chuma. Kinachobaki ni chuma kitupu chenye vishimo vidogo sana vinavyoficha maji na mabaki ya asidi. Kifaa huharibika hasa katika muda ule wa kutoka kwenye siki hadi kupakwa mafuta.

Anza kwa kufungua kifaa na kutoa mpini wa mbao. Osha grisi kwa sabuni na maji ya moto, maana asidi haipenyi grisi na kutu iliyo chini yake itabaki. Kutu inayobanduka ikwangue kwa brashi ya waya. Kisha zamisha chuma chote kwenye chombo cha plastiki, usitumie sufuria ya alumini. Sehemu ikichungulia juu ya siki, chuma hulika zaidi pale siki inapokutana na hewa, na mstari unaobaki hautoki. Asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, hufanya kazi hiyohiyo bila harufu kali.

Kagua kila baada ya saa chache, na usipitishe saa 24. Kutu ikiisha na mapovu yakaendelea, asidi sasa inakula chuma chenyewe na kutoa haidrojeni. Haidrojeni hiyo huweza kupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla, kwa hiyo springi na misumeno ni afadhali zisuguliwe kwa msasa laini na mafuta. Vyuma vilivyopakwa zinki navyo visilowekwe, kwani zinki ndiyo itakayotangulia kuyeyuka.

Shaba ya manjano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, haishiki kutu bali hufifia. Isugue dakika chache kwa limau na chumvi, kisha isuuze. Ikikaa sana kwenye asidi, zinki hutoka na uso hugeuka wa waridi. Usiiloweke pamoja na chuma, kwa sababu shaba iliyoyeyuka hujipaka juu ya chuma.

Ukitoa chuma kwenye siki, kiingize moja kwa moja kwenye maji yenye soda ya kuokea, kijiko 1 cha chakula kwa kila lita, kwa dakika 10. Soda huua asidi iliyojificha kwenye hesi za boliti na pembe za bawaba, mahali ambapo maji matupu hayaitoi yote. Suuza, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kipashe joto kwa kikausha nywele au oveni ya nyuzi 100. Usizidishe: patasi au kisu kikianza kubadilika rangi kuwa ya majani makavu, makali yameshaanza kupoteza ugumu. Paka mafuta ya mashine chuma kikiwa bado vuguvugu, kwani mafuta huwa mepesi na huingia kwenye vishimo. Futa yaliyozidi na uache utando mwembamba tu.

Siki hiyo isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, hata kwenye ndoo isiyosuuzwa vizuri. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.